Kutoka Milimani Kwenda Mjini: Santuri ya Dolly Parton ya Mwaka 1977 na Ugomvi Juu ya Muziki wa Kantri

Mwezi wa Oktoba, 1977, kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya Bibi Dolly Parton iitwayo Here You Come Again. Ilikuwa na nyimbo kumi. Mwimbaji wake alikuwa amekwisha kuimba mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee, kwa miaka zaidi ya kumi, na hapana mtu aliyeshuku kwamba yeye ni mwimbaji wa kantri, yaani ule muziki uliohesabiwa kuwa ni wa watu wa mashamba na milima ya kusini ya Marekani. Lakini santuri hii ilitengenezwa Los Angeles, si Nashville; wimbo uliobeba jina lake ulitungwa na Barry Mann na Cynthia Weil, mume na mke wenye asili ya New York; na ala zilizoisindikiza sauti zilikuwa za namna ipendwayo mijini. Ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja, jambo ambalo halijapata kutokea kwa santuri yake yoyote ya nyuma. Wako waliofurahi pamoja naye, na wako waliosema kwamba amewapa kisogo watu wake.

Makala hii yakusudia kulichungua shauri hilo. Desturi ya waandishi wengi ni kuutaja mwaka 1977 kuwa ndio mpaka: kabla yake kantri, baada yake pop. Nionavyo mimi, mpaka huo umechorwa mahali pasipo pake. Mageuzi yenyewe yalianza miaka mitatu kabla, nayo hayakuanza katika sauti wala katika ala. Yalianza katika milki ya tungo na katika swali la nani amwamuru nani. Santuri ya 1977 ni tunda la mti uliopandwa 1974.

Kwanza tulitazame jina. Neno la Kiingereza lililotupa neno letu kantri lina maana mbili zisizokaa pamoja katika Kiswahili: ni nchi, na pia ni mahali palipo nje ya mji. Mswahili huzitenga. Nchi ni nchi. Penginepo atasema shamba, na mtu wa pwani huenda akasema bara, kwa sauti yenye chembe ya dharau ndani yake. Kule Marekani maana hizo mbili zimo katika neno moja, na kwa hiyo mwimbaji akiondoka shamba kwenda mjini ni kama kwamba ameihama nchi yake. Nadhani sehemu kubwa ya uchungu wa ugomvi huu imekaa katika neno lenyewe. Wala jina hilo si la kale sana. Wafanya biashara wa santuri waliwahi kuuita muziki huu kwa jina la kuwabeza watu wa milimani. Na gazeti la Billboard, ambalo hupanga nyimbo kwa kadiri ya mauzo, lilianza kuutaja kwa jina la kantri na Magharibi mwaka 1949.

Na huo usafi uliosemwa kuvunjwa mwaka 1977, ulikuwako lini? Ralph Peer alipokwenda Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, mwaka 1927 ili kurekodi waimbaji wa milimani, aliwapata jamaa wa Carter na Jimmie Rodgers katika juma moja, na watu wengi hulihesabu juma hilo kuwa mwanzo wa muziki huu katika santuri. Lakini banjo, ala ambayo wengi huiona kuwa ni alama ya milima hiyo, asili yake ni Afrika ya Magharibi, ikavushwa bahari na watumwa. A. P. Carter alipozunguka kukusanya nyimbo za kale alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi, ambaye alizishika sauti za nyimbo huku mwenziwe akiyashika maneno. Rodgers alirekodi pamoja na Louis Armstrong mwaka 1930. Tena, katika miaka ya mwisho ya 1950, Chet Atkins na Owen Bradley walipunguza fidla, wakaongeza waimbaji wa kuitikia na nyuzi laini ili santuri za Nashville zipate wanunuzi mijini. Jim Reeves na Patsy Cline waliimba katika mtindo huo, na leo wazee huwataja hao hao kuwa kantri ya kweli. Kila kizazi hukiita safi kile alichokisikia utotoni.

Bibi Parton alizaliwa tarehe 19 Januari, 1946, katika wilaya ya Sevier, milimani mashariki ya Tennessee, mtoto wa nne katika watoto kumi na wawili. Baba yake alimlipa mganga aliyemzalisha mkewe kwa gunia la unga wa mahindi. Baba huyo hakujua kusoma. Babu yake upande wa mama alikuwa mhubiri. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu aliimba katika Grand Ole Opry, lile baraza la muziki la redio ambalo kwa watu wa kantri ni kama kibla. Mwaka 1964, siku ya pili baada ya kumaliza shule, akapanda basi kwenda Nashville.

Hapa lipo jambo ambalo husahauliwa upesi. Kampuni ya kwanza iliyompa mkataba wa maana, Monument, haikumtaka aimbe kantri. Ilidhani kwamba sauti yake nyembamba haifai nyimbo za kilio cha shamba, ikamwimbisha nyimbo za vijana wa mjini mwaka 1965. Hazikuuzwa. Ni baada ya wimbo alioutunga pamoja na mjomba wake kuimbwa na mtu mwingine ukashika nafasi nzuri katika orodha ya kantri mwaka 1966, ndipo wakubwa walipomruhusu aimbe kikwao. Basi mtu asemaye kwamba alihamia pop mwaka 1977 afahamu kwamba alikuwa amerudishwa mlango alioingilia kwanza, ila safari hii aliingia kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka 1967 Porter Wagoner, mwenye kipindi cha televisheni kilichotazamwa sana kusini, alimchukua mahali pa mwimbaji Norma Jean. Watazamaji waliomzoea Norma Jean hawakumpokea vema mwanzoni. Bwana Wagoner akaimba naye mmoja kwa mmoja hadi wakamzoea, akampeleka RCA, akasimamia kazi zake. Fadhili hizo si za kukanushwa. Lakini fadhili hufunga. Miaka ilivyopita, mwanafunzi alimpita mwalimu katika utungaji: mwaka 1971 alitoa Coat of Many Colors, wimbo wa koti alilomshonea mama yake kwa vitambaa chakavu, na mwaka 1973 Jolene, uliofika nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri mwanzo wa 1974. Hata hivyo alikuwa bado ni mtu wa kipindi cha mwingine, ambaye mwenye kipindi humwamulia lipi liingie na lipi litoke.

Akaaga mwaka 1974. Kuaga kwake kulikuwa kwa wimbo, I Will Always Love You, aliomtungia Bwana Wagoner ili amweleze kile ambacho katika mazungumzo ya kawaida kiligeuka ugomvi. Wimbo ukafika nafasi ya kwanza, na mara Elvis Presley akautaka. Wakili wa mambo yake, Kanali Tom Parker, akatoa sharti: nusu ya haki ya kuchapisha wimbo iwe yao. Ndiyo ilikuwa kawaida yake kwa watungaji, na wengi waliikubali, maana nusu ya wimbo ulioimbwa na Presley ilishinda wimbo mzima usiojulikana. Bibi Parton alikataa. Amesimulia mara nyingi kwamba alilia usiku kucha. Presley hakuuimba katika santuri.

Naomba msomaji asiupite mkasa huu haraka, kwani ndani yake mna maana ya yote yaliyofuata. Mtu aliyeweza kumnyima Presley wimbo wake kwa ajili ya milki, hawezi kuambiwa kwamba miaka mitatu baadaye alichukuliwa na wafanya biashara wa California kama jani lichukuliwavyo na maji. Alipowaendea alikuwa anajua bei ya kila kitu.

Mwaka 1976 aliivunja bendi yake iliyokuwa na ndugu na jamaa zake, jambo lisilokuwa jepesi katika ukoo wa watu kumi na wawili, akaajiri wapigaji wengine. Akaweka shughuli zake mikononi mwa Sandy Gallin na wenziwe wa Los Angeles. Akapewa kipindi chake cha televisheni kilichodumu msimu mmoja tu, kwani koo lake lilichoka, tena wenye kipindi walimpangia wageni na nyimbo zisizomfaa. Mwanzo wa 1977 akatoa santuri aliyoisimamia mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, New Harvest... First Gathering, ambamo alichanganya tungo zake na nyimbo mbili mashuhuri za watu weusi wa mijini. Kwa wanunuzi wa kantri ilifika nafasi ya kwanza. Nje ya hao haikwenda mbali. Kwa mtafiti, santuri hiyo ina thamani kuliko ile iliyoifuata, kwa kuwa yatuonyesha yeye mwenyewe alitaka kwenda wapi kabla hajashikwa mkono.

Baada ya hapo ndipo alipompa Gary Klein usimamizi wa Here You Come Again. Yaani mwanamke aliyejikomboa katika usimamizi wa mtu mmoja akajitia katika usimamizi wa mwingine. Hili ni jambo zito, wala sioni sababu ya kulifunika. Lakini tofauti ipo: Bwana Wagoner alikuwa mwenye nyumba, na Bwana Klein alikuwa fundi aliyeajiriwa kujenga.

Yasimuliwa kwamba wimbo wenye jina la santuri ulipomalizika Bibi Parton aliingiwa na hofu. Ulikuwa na piano na nyuzi, mtamu kupita kiasi. Akataka liongezwe gitaa la pedali, lile lichezwalo likiwa limelazwa, chuma kikitelezeshwa juu ya nyuzi hadi zikalia kama mtu. Ndilo ala ambayo masikio ya Wamarekani huitambua kuwa kantri hata kabla neno halijasemwa. Akaitwa Al Perkins, akalipiga. Sababu aliyoitoa ni kwamba mtu akimlaumu kwa kuiacha kantri, apate kumwonyesha gitaa hilo kuwa ushahidi. Usikilizapo wimbo huo leo utalisikia: liko nyuma, si kubwa, lakini liko. Mtu hatafuti ushahidi ila ajuapo kwamba mashtaka yanakuja.

Na mashtaka yalikuwa yamekwisha kuandikwa, tena yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi. Mwaka 1974 Chama cha Muziki wa Kantri kilimpa Olivia Newton-John, mzaliwa wa Uingereza aliyelelewa Australia, tuzo ya mwimbaji bora wa kike. Waimbaji wa Nashville wakakasirika, wakakutana nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette, wakaunda chama chao cha kuilinda kantri isichukuliwe na watu wa pop. Bwana Wagoner alikuwamo. Dolly Parton alikuwamo. Mwaka uliofuata, John Denver alipopata tuzo kubwa, Charlie Rich aliyekuwa akilisoma jina la mshindi alitoa kiberiti cha gesi akaichoma karatasi mbele ya watazamaji. Naye Rich mwenyewe alikuwa ameshika nafasi ya kwanza katika orodha ya pop mwishoni mwa 1973. Sisemi hayo ili kumcheka mtu. Wakati huo mlango ulipitwa upande mmoja tu: wa mjini walikuja kuvuna shambani, na wa shambani hawakupata shamba mjini. Jolene, pamoja na umaarufu wake wote, ulikoma nafasi ya 60 katika orodha ya pop. Mtu aweza kukataa mlango wa namna hiyo, kisha akaupita siku utakapofunguka upande wake, bila ya kujipinga.

Sasa tuziangalie nyimbo zenyewe. Katika nyimbo kumi, nne tu ndizo tungo zake. Wimbo wenye jina la santuri wazungumza juu ya mpenzi ambaye kila mtu akidhani amemsahau, hurudi akayavuruga yote. Ni wimbo mzuri, uliofungwa barabara. Lakini hauna mahali. Hauna mama, wala mlima, wala kanisa, wala majira ya mwaka. Aweza kuuimba mtu yeyote, na kwa hakika mwimbaji B. J. Thomas alikuwa ameurekodi kabla yake mwaka ule ule. Ulinganishe na ule wimbo wa koti, ambao hauwezi kuimbwa na mtu mwingine bila ya msikilizaji kuuliza, koti la nani? Kwa mizani ya ushairi wetu, hii ni kama tofauti ya utenzi usimuliao kisa chenye watu na mahali, na wimbo mfupi wa mapenzi ambao kila bibi arusi aweza kuimbiwa. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba wa pili ni ushairi wa chini. Lakini aliyezoea kutunga tenzi akianza kuimba nyimbo fupi za wengine, kuna kitu kilichopungua.

Hata hivyo tusiamue kwa wimbo mmoja. Katika santuri hiyo hiyo, baada ya nyimbo za mapenzi, unaingia Me and Little Andy: kisa cha mtoto aliyetupwa na wazazi, ajaye usiku na kijibwa chake kuomba mahali pa kulala, na kabla ya kupambazuka wote wawili wamekufa. Hakuna jambo la kale kuliko hilo katika nyimbo za milimani, ambako vifo vya watoto viliimbwa kwa sababu vilikuwa vingi. Kwa upande mwingine, Two Doors Down, ambao pia ni wake, watokea katika nyumba ya vyumba vingi, mlimo mtu mpweke asikiaye karamu ya majirani asiowajua. Huyo ni mtu wa milimani aliyehamia mjini, na kwa maoni yangu ndio wimbo wa kweli kabisa juu ya safari aliyokuwa akiisafiri mtungaji.

Wimbo huu una funzo kwa watafiti. Mwimbaji mwingine, Zella Lehr, aliwahi kuutoa kwa wasikilizaji wa kantri. Bibi Parton akaurekodi upya kwa mwendo wa pop, na nakala za santuri zilizopigwa chapa baadaye zikawekwa sura hiyo mpya mahali pa ile ya kwanza. Kwa hiyo watu wawili wenye santuri ya jina moja waweza kuwa na nyimbo mbili mbalimbali, wakabishana bila ya kujua kwamba hawasikilizi kitu kimoja. Sisi tuliozoea miswada ya tenzi, ambayo kila mnakili aliitia mkono wake, tusishangae. Lakini wengi hudhani kwamba chombo cha mashine hakina nakala zenye hitilafu. Tena kampuni ilizigawa nyimbo: It's All Wrong, But It's All Right ilipelekwa redio za kantri, ikafika nafasi ya kwanza, na Two Doors Down ikapelekwa redio za pop, ikafika nafasi ya 19. Wasikilizaji wa pande mbili walipewa waimbaji wawili waliokuwa mtu mmoja.

Matokeo ya biashara ni mepesi kuyaeleza. Wimbo wa kwanza ulishika nafasi ya 3 katika orodha ya pop, na nafasi ya kwanza ya kantri kwa majuma matano. Ukampa tuzo yake ya kwanza ya Grammy, na tuzo hiyo ilikuwa ya uimbaji wa kantri. Mwaka 1978 Chama cha Muziki wa Kantri kikampa tuzo kubwa kuliko zote, ile ambayo karatasi yake ilichomwa moto miaka mitatu nyuma. Kwa waliomwambia kwamba ameiacha kantri alijibu kuwa hakuiacha, bali amekwenda nayo. Jibu hilo ni zuri, ingawa halikuwa kweli siku zote. Katika miaka kumi iliyofuata zimo santuri ambamo hiyo kantri aliyokwenda nayo ni taabu kuiona, na Rainbow ya 1987 haikupendwa na upande wowote.

Huku kwetu ugomvi huo haukusikika. Nyimbo za Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton zilifika kwa redio na kanda, za milimani na za mjini zikiwa kapu moja, nasi tukaziita zote kantri. Tena masikio yetu yalianza mapema. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakimwimbia Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, yule yule wa Bristol, lililopita katika santuri za wageni likatamkwa Kikipsigis. Wasichana wale hawakumwuliza mtu kama ruhusa ipo.

Mwaka 1979 Bwana Wagoner alimshtaki, akidai karibu dola milioni tatu kwa sehemu yake katika mapato. Wakapatana nje ya mahakama. I Will Always Love You ulifika tena nafasi ya kwanza ya kantri mwaka 1982, ukiimbwa na mtungaji wake, na mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, ukakaa nafasi ya kwanza ya pop majuma kumi na manne, na mapato ya utungaji na ya uchapishaji yakaenda kwa mwenyewe, maana nusu ile haikuuzwa. Fedha za namna hiyo ndizo zilizomwezesha, mwaka 1999, kutoa The Grass Is Blue, santuri ya muziki wa milimani wa banjo na fidla, bila ya kujali itauzwa ngapi. Mwezi wa Mei, 2007, Porter Wagoner alipotimiza miaka hamsini katika Grand Ole Opry, Bibi Parton alikuja akamwimbia wimbo ule, mzee akiwa ameketi jukwaani akimsikiliza. Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka ule ule.